Bima ya Afya kwa Mhudumu wa Mikataba: Namna ya Kuvuka Pengo Kati ya Kazi na Kazi

Hospitali nyingi nchini Marekani huziba upungufu wa wafanyakazi kwa kuajiri wahudumu wa muda kupitia mawakala wa ajira. Muuguzi, mtaalamu wa maabara, mpiga picha za eksirei au mtaalamu wa tiba ya viungo hutia saini mkataba ambao kwa kawaida ni wa wiki 13, huhamia mji au jimbo jingine, huumaliza, kisha hutafuta mkataba mwingine. Miongoni mwao wamo wauguzi waliotoka Kenya, Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki.

Malipo ya kazi hizi huvutia. Hata hivyo, bima ya afya nchini Marekani imefungamana na mambo mawili ambayo mhudumu wa mikataba huyabadilisha mara kwa mara: mwajiri na mahali pa kuishi. Ndiyo sababu mtu anayeshinda wodini akihudumia wagonjwa anaweza kugundua, siku anapougua yeye, kwamba bima yake ilikoma wiki mbili zilizopita, au kwamba ingali hai lakini haitambuliwi na hospitali iliyo karibu naye.

Sehemu hii ya kijitabu inamsaidia mhudumu huyo kupanga bima yake kabla ya kutia saini mkataba. Maelezo yote yaliyomo yanarejea kwenye maswali mawili: bima hii inaanza na kukoma siku gani? Na inatumika wapi? Anayeyajua majibu ya maswali hayo kwa maandishi ameshajiepusha na hasara nyingi.

Maneno ya kufahamu kwanza

Ada ya bima ni fedha zinazolipwa kila mwezi ili bima iendelee kuwa hai, uugue usiugue.

Kiasi cha kuanzia ni jumla ya fedha unazotakiwa kutoa mfukoni mwako katika mwaka kabla mpango haujaanza kuchangia gharama nyingi za matibabu.

Mchango wa mgonjwa ni sehemu unayolipa kila unapopata huduma, hata baada ya kumaliza kiasi cha kuanzia.

Ukomo wa mwaka ni kiwango cha juu kabisa unachoweza kutozwa katika mwaka kwa huduma zilizomo katika mpango na zinazotolewa ndani ya mtandao. Ukikifikia, mpango hulipa gharama zote za huduma hizo zinazosalia.

Mtandao ni orodha ya madaktari, hospitali na maduka ya dawa yenye mapatano ya bei na mpango wako.

Njia tatu za kupata bima

Njia ya kwanza ni bima ya wakala wa ajira. Wakala, wala si hospitali unayofanyia kazi, ndiye mwajiri wako kwa kawaida, na ndiye anayekukata ada kwenye mshahara. Faida yake ni kwamba mwajiri huchangia sehemu ya ada. Udhaifu wake ni kwamba bima hiyo ni ya kazi. Kazi ikikoma, nayo hukoma.

Njia ya pili ni bima unayoinunua mwenyewe kupitia Soko la Bima ya Afya lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2010. Majimbo mengi hutumia soko la shirikisho la HealthCare.gov, ilhali mengine, kama California, Minnesota na New York, yana masoko yao. Bima hii ni yako. Unaweza kubadilisha mawakala wanne kwa mwaka nayo ikaendelea. Lakini hununuliwa katika jimbo unaloishi, na mtandao wake aghalabu huishia huko.

Njia ya tatu ni kuingizwa katika bima ya mtu wa familia. Mwenzi wa ndoa mwenye kazi ya kudumu anaweza kukuandikisha katika mpango wa mwajiri wake ikiwa mpango huo huwapokea wenzi. Mtoto anaweza kubaki katika bima ya mzazi wake hadi atimize umri wa miaka 26, hata kama ameshaanza kazi na anaishi jimbo jingine. Kwa familia nyingi njia hii ndiyo imara kuliko zote, kwa kuwa haitegemei kazi ya yule anayehamahama.

Bima ya wakala huanza na kukoma lini?

Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumsubirisha mfanyakazi mpya, aliyekwisha kustahili bima, kwa muda usiozidi siku 90. Linganisha muda huo na mkataba wako: wiki 13 ni siku 91. Maana yake ni kwamba wakala anayetumia kikomo chote cha kusubiri anaweza kukupa bima siku ya mwisho ya mkataba bila kuvunja sheria. Mawakala wengi hawafanyi hivyo. Wapo wanaoanza bima siku ya kwanza ya kazi, na wapo wanaoianza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Tofauti hiyo ina uzito kuliko nyongeza ndogo ya mshahara wa saa, hasa kwa mwenye ugonjwa wa kudumu, mimba au mtoto mdogo.

Tarehe ya kukoma nayo hutofautiana. Katika mipango mingine bima hufungwa usiku wa siku ya mwisho ya kazi. Katika mingine huendelea hadi mwisho wa mwezi. Wapo pia mawakala wanaoiacha bima iendelee katika kipindi kifupi cha mapumziko iwapo mfanyakazi ameshatia saini mkataba mwingine kwao. Ahadi ya namna hiyo isibaki ya mdomo. Iombe kwa maandishi, na uulize pengo linaruhusiwa kuwa la siku ngapi na nani atalipa ada katika siku hizo. Uliza pia nini hutokea hospitali ikiuvunja mkataba kabla ya wakati wake, kwa maana hilo hutokea, na bima yaweza kukoma siku ambayo hukuitarajia.

Haki ya kuendelea na bima ya kazi: COBRA

COBRA ni sheria ya shirikisho inayompa mfanyakazi aliyeacha au aliyemaliza kazi haki ya kuendelea na mpango uleule wa mwajiri. Inahusu waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi. Majimbo mengi yana sheria zinazofanana nayo kwa waajiri wadogo. Kwa aliyepoteza bima kwa sababu ya kazi kwisha, haki hiyo hudumu hadi miezi 18. Mambo matatu yafahamike vyema.

La kwanza ni gharama. Mwajiri hachangii tena. Unaweza kutozwa ada yote pamoja na asilimia 2 ya uendeshaji. Kwa mfano, ikiwa ada kamili ya mpango ni dola 700 kwa mwezi na wewe ulikuwa ukikatwa dola 150 tu, chini ya COBRA unaweza kudaiwa dola 714.

La pili ni muda wa kuamua. Una siku zisizopungua 60 za kuichagua COBRA, zinazohesabiwa tangu siku ulipopoteza bima au siku ulipopewa notisi, ile inayokuja baadaye. Baada ya kuichagua, una siku 45 za kufanya malipo ya kwanza.

La tatu ni kwamba COBRA hurudi nyuma. Ukiichagua ndani ya muda na kulipa ada zote za nyuma, bima huhesabika kuwa haikukatika tangu siku ilipokoma. Kwa mhudumu mwenye pengo la wiki chache, kipengele hiki ni muhimu sana, kama mfano ufuatao unavyoonyesha.

Mfano wa kalenda

Tuchukulie muuguzi ambaye mkataba wake na bima yake vinakoma tarehe 10 Machi, na notisi ya COBRA anaipata siku hiyohiyo. Mkataba wake mpya, kwa wakala mwingine, unaanza tarehe 14 Aprili, lakini bima ya wakala huyo huanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, yaani tarehe 1 Mei. Ijapokuwa atakaa bila kazi kwa takriban wiki tano, pengo lake la bima ni la kuanzia tarehe 11 Machi hadi tarehe 30 Aprili. Siku zote hizo zimo ndani ya siku 60 za kuchagua COBRA, ambazo kwake zinaishia tarehe 9 Mei.

Akiteguka mguu tarehe 20 Aprili na kuhitaji upasuaji, angali na haki ya kuichagua COBRA. Atalipa ada za tangu tarehe 11 Machi, ambazo kwa mpango wa dola 714 kwa mwezi hazitazidi za miezi miwili, yaani dola 1,428. Asipougua, anaweza kuamua asiichague.

Huu ni utaratibu halali, lakini una masharti yake. Kabla ya kuichagua, hospitali na duka la dawa wataona kwamba huna bima, na huenda wakakutaka ulipe kwanza kisha udai marejesho. Siku ikipita, haki imepita. Na mtu aliyelazwa akiwa hajitambui hawezi kujaza fomu. Kwa hiyo ni vyema mwenzi wa ndoa au ndugu unayemwamini ajue notisi iko wapi na tarehe ya mwisho ni ipi. Mwenye matibabu yanayoendelea, kama vile dawa za kisukari, usafishaji wa figo au kliniki ya uzazi, asitegemee kusubiri. Aandae bima kamili tangu siku ya kwanza.

Siku 60 za Soko la Bima

Kwa kawaida mtu hununua bima ya Soko katika msimu wa uandikishaji, ambao katika soko la shirikisho huanza tarehe 1 Novemba kila mwaka. Lakini kupoteza bima ya kazi hufungua mlango nje ya msimu huo: unaweza kujiandikisha ndani ya siku 60 kabla ya bima kukoma au siku 60 baada ya kukoma. Kwa kawaida bima mpya huanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Muuguzi wa mfano wetu akichagua mpango kabla ya Machi kwisha, bima yake itaanza tarehe 1 Aprili, na COBRA itabaki akiba ya siku za Machi peke yake.

Kujiunga na mpango wa mwajiri wa mwenzi wako pia kunaruhusiwa baada ya kupoteza bima, lakini huko muda wa chini unaohakikishwa na sheria ni siku 30, si 60. Wengi huchanganya tarehe hizi mbili na kuchelewa.

Lipo tena kosa moja linalowagharimu watu fedha nyingi. Aliyechagua COBRA kisha, baada ya zile siku 60 kupita, akaacha kuilipia kwa sababu ni ghali, hafunguliwi mlango wa Soko kwa sababu hiyo. Hulazimika kungoja msimu wa uandikishaji au tukio jingine linalokubaliwa. Basi amua mapema: ikiwa COBRA ni daraja la mwezi mmoja tu, jiandikishe Sokoni kabla siku 60 hazijaisha.

Nafuu ya kodi na kipato kinachopanda na kushuka

Serikali ya shirikisho huwapunguzia ada baadhi ya wanunuzi wa Soko kwa nafuu ya kodi inayokadiriwa kwa kipato cha mwaka. Kipato cha mhudumu wa mikataba hakitabiriki. Mkataba mmoja waweza kulipa zaidi ya mwingine, na miezi ya mapumziko hailipi kitu. Hesabu ya mwisho hufanyika wakati wa kurudisha fomu za kodi. Ukipewa nafuu kupita unayostahili, utairudisha, na kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 ule ukomo wa kiasi cha kurudisha, uliokuwa ukiwalinda wenye vipato vya chini, haupo tena. Kwa hiyo ripoti mabadiliko ya kipato Sokoni kila unapoanza au kumaliza mkataba, usingoje mwisho wa mwaka.

Posho za malazi na chakula zinazolipwa kihalali bila kodi hazihesabiwi katika kipato hicho. Lakini mhudumu ambaye hana makazi ya kudumu yanayotambuliwa na sheria ya kodi hutozwa kodi kwa posho zake, na hapo huhesabiwa. Mshauri wa kodi aulizwe mapema.

Jambo jingine: wakala akikupa nafasi ya kujiunga na bima yake, na bima hiyo ikawa na ada nafuu na mafao ya kutosha kwa kipimo cha sheria, hustahili nafuu ya kodi ya Soko hata kama umeikataa bima hiyo. Kipimo hicho cha ada hubadilishwa kila mwaka. Na ukiikubali bima ya wakala, ifute ile ya Soko wewe mwenyewe. Haifutiki kwa hiari yake.

Kila mpango mpya, hesabu mpya

Kiasi cha kuanzia huhesabiwa ndani ya mpango mmoja. Ukibadilisha mpango katikati ya mwaka, kwa kawaida hesabu hurudi sifuri. Mhudumu mwenye mipango mitatu kwa mwaka, kila mmoja ukiwa na kiasi cha kuanzia cha dola 2,000, anaweza kutoa dola 6,000 mfukoni kabla ya kunufaika kikamilifu, ilhali mwenzake aliyebaki na mpango mmoja ametoa dola 2,000 tu. Kwa mtu mwenye afya njema tofauti hiyo yaweza isionekane. Kwa mwenye matibabu ya mara kwa mara, bima binafsi yenye ada kubwa kidogo lakini isiyobadilika yaweza kuwa nafuu kwa jumla ya mwaka.

Bima inatumika wapi?

Mpango wa aina ya HMO au EPO kwa kawaida hulipia huduma za ndani ya mtandao pekee, isipokuwa dharura. Mpango wa PPO hulipia pia nje ya mtandao, ingawa kwa mchango mkubwa zaidi wa mgonjwa. Kwa anayehamahama, swali muhimu ni kama mtandao wa mpango ni wa nchi nzima au wa jimbo moja. Ingiza msimbo wa posta wa mji uendao katika orodha ya watoa huduma, kisha piga simu katika kliniki mojawapo kuthibitisha, kwa kuwa orodha hizo huwa na makosa.

Usisahau familia. Mzazi anayefanya kazi Texas huku watoto wakisoma Minnesota anahitaji mpango wenye madaktari kote kuwili, au mipango miwili tofauti.

Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo, huendeshwa na kila jimbo peke yake. Kadi ya jimbo moja kwa kawaida haitumiki katika jimbo jingine ila kwa dharura.

Katika dharura, mipango inayofuata sheria ya 2010 hulipia huduma za idara ya dharura za hospitali yoyote bila kuomba idhini kwanza. Tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria ya shirikisho inawazuia pia watoa huduma wa nje ya mtandao wasikudai tofauti ya bei katika dharura. Ulinzi huo unahusu ambulansi za ndege, lakini hauhusu ambulansi za barabarani. Tena haujumuishi miadi ya ufuatiliaji baada ya hali yako kutengemaa. Miadi hiyo irudishwe ndani ya mtandao.

Kuhusu dawa, omba akiba ya siku 90 kabla ya safari ikiwa mpango unaruhusu. Kuhusu daktari wa kwenye simu, kumbuka kwamba kwa kawaida hutakiwa awe na leseni ya jimbo ulilomo wakati wa mazungumzo, si la nyumbani kwako.

Tahadhari na mipango inayofanana na bima

Mtu anayetafuta bima kwa haraka kati ya mikataba huletewa mipango mingi ya bei ndogo. Bima ya muda mfupi inaweza kukataa ugonjwa uliokuwa nao kabla, na mara nyingi hailipii uzazi. Mpango unaolipa kiasi maalumu kwa siku ya kulazwa hukupa kiasi hicho tu, hata bili ikiwa mara kumi yake. Vikundi vya kuchangiana gharama za matibabu si bima, na havifungwi kisheria kulipa dai lako. Isitoshe, bima ya muda mfupi inapokoma haikufungulii zile siku 60 za Soko.

Kabla ya kutoa namba yako ya hifadhi ya jamii au ya kadi ya benki kwa anayekupigia simu, hakikisha leseni yake katika idara ya bima ya jimbo lako. Mwuzaji anayekuharakisha ulipe leo kwa madai kwamba bei inaisha usiku huu, mwachie simu yake.

Uangalie pia sheria ya jimbo unaloishi. California, Massachusetts, New Jersey, Rhode Island na Wilaya ya Columbia hutoza adhabu katika kodi kwa wakazi wasio na bima, isipokuwa wenye sababu zinazokubaliwa, mojawapo ikiwa pengo fupi.

Ukiumia kazini

Kuchomwa sindano, kuumia mgongo ukimwinua mgonjwa, au kupigwa na mgonjwa aliyechanganyikiwa si masuala ya bima yako ya afya. Hayo hushughulikiwa na bima ya fidia ya wafanyakazi. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa msimamizi wa wodi na kwa wakala wako, maana kumwambia mmoja hakumaanishi mwingine amejua. Pata nakala ya taarifa hiyo. Haki ya fidia haitegemei kama bima yako ya afya imeshaanza.

Ukienda nyumbani kati ya mikataba

Wahudumu wengi hutumia mapumziko kwenda kuwaona wazazi Kisumu, Arusha au Mombasa. Bima nyingi za Marekani hazilipii matibabu ya nje ya nchi, au hulipia dharura pekee. Soma mpango wako, na ikibidi nunua bima ya safari yenye kulipia kulazwa na kusafirishwa kwa mgonjwa. Iwapo zile siku 60 zitaangukia ukiwa safarini, zinaendelea kuhesabiwa vilevile. Hakikisha kuna mtu anayefungua barua zako. Vivyo hivyo, mzazi anayekuja kukutembelea Marekani hafunikwi na bima yako. Anahitaji bima yake ya mgeni.

Maswali ya kumwuliza wakala kabla ya kutia saini

1. Bima inaanza tarehe gani hasa, na kuna muda wa kusubiri?
2. Inakoma siku ya mwisho ya kazi au mwisho wa mwezi?
3. Nikipumzika kati ya mikataba yenu miwili, bima inaendelea? Kwa siku ngapi, na kwa ada gani?
4. Mkataba ukivunjwa na hospitali, bima inakoma lini?
5. Ada yangu ni kiasi gani kwa wiki, na ada kamili ya COBRA ni kiasi gani?
6. Mtandao ni wa nchi nzima au wa jimbo? Unafika mji niendao na mji wa familia yangu?
7. Kiasi cha kuanzia na ukomo wa mwaka ni kiasi gani?
8. Nikiikataa bima yenu, mshahara wangu unabadilika?
9. Notisi zinatumwa kwenye anwani ipi?

Swali la mwisho laonekana dogo, lakini notisi ya COBRA iliyotumwa katika nyumba ya kupanga uliyoihama yaweza kukupotezea haki yako. Toa anwani ya kudumu.

Kumbukumbu, rufaa na msaada

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi katika jalada moja nakala za mikataba, kadi za bima, barua zinazothibitisha tarehe ya bima kuanza na kukoma, risiti za matibabu na maelezo ya malipo yanayotumwa na kampuni ya bima. Barua ya bima kukoma ndiyo ushahidi utakaoombwa Sokoni.

Dai lako likikataliwa, usilipe bili kwa hofu kabla ya kusoma sababu. Kwa mipango mingi una siku 180 tangu kupokea uamuzi za kukata rufaa ndani ya kampuni yenyewe. Ukishindwa huko, kwa kukataliwa kulikotokana na uamuzi wa kitabibu, unaweza kuomba ukaguzi wa nje usioegemea kampuni, ndani ya miezi minne. Waarifu hospitali kwamba rufaa inaendelea na uwaombe wasiipeleke bili kwa wakusanya madeni.

Soko la shirikisho hupatikana kwa simu 1-800-318-2596, na mpigaji anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Kwa maswali ya COBRA na bima za waajiri, Idara ya Kazi hupokea simu 1-866-444-3272. Wapo pia katika majimbo wasaidizi waliofunzwa kuandikisha watu, ambao hawatozi chochote.

Unapoandika katika kalenda tarehe ya mwisho ya mkataba, andika palepale tarehe tatu nyingine: siku bima inapokoma, siku ya 30 na siku ya 60 baada yake. Kisha mpe nakala mtu mmoja wa nyumbani.